Nyumba ya Kwanza Kwenye Orodha

Paskalina mwanangu,

Umekwenda Hirbadaw kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anakufungia unga na maharage kana kwamba huko Haydom watu wanakula mawe. Mimi nimejifungia chumbani na kalamu. Mambo ya sweta, ya kusali, ya kuwaamkia wakubwa na kujihadhari na wanaume wanaochekacheka ovyo, mama yako ameshakuambia mara tatu, sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni miaka minane.

Kesho unakwenda kuishi katika nyumba ya Bura. Ulisoma mwenyewe alivyoandika: "Mlete binti ajifunze uuguzi wake akiwa kwangu. Chumba kipo, dada yangu yupo, asihangaike bwenini na watu asiowajua. Wewe ni ndugu yangu." Ulifurahi, ukanisomea mara ya pili kwa sauti, nami nikatoka nje nikajifanya naangalia mbuzi. Bura hajui kwamba mimi ndiye niliyewapeleka mgambo nyumbani kwake. Na wewe hujui. Siwezi kukuacha uketi kwenye ugali wa mtu yule huku hujui.

Nitaanza mbali kidogo, kwenye chesi, unisamehe. Bila chesi hutaelewa jinsi mtu aliyesoma, anayesimama mbele ya watoto wa watu kila asubuhi, anavyoweza kufanya unyama huku anajiona ana akili kuliko wenzake.

Mimi na Bura tulifundishwa chesi shule ya kati, na mwalimu mgeni aliyekuwa akiumwa tumbo kila Ijumaa. Alipoondoka alituachia kijitabu kisicho na jalada. Humo mlikuwa na mchezo mmoja uliochambuliwa kwa kirefu, uliochezwa London zaidi ya miaka mia moja kabla yetu, na watu wawili waliokuwa wanapumzika tu, si wa mashindano. Bura alikuwa anajifunza useremala. Akachonga vipande, seti mbili, yake na yangu. Vyeupe akaviacha na rangi ya mti, vyeusi akavipaka masizi na mafuta ya ng'ombe, ndiyo maana vile vyetu vinanuka mpaka leo.

Unajua jinsi vipande vinavyotembea, nilikufundisha mwenyewe. Basi utauelewa mchezo wenyewe. Mweupe anaanza kwa kutoa askari, mweusi anamla. Malkia mweusi anatoka mbio kumtisha mfalme, mapema mno, kabla wenzake hawajaamka. Mweupe anamwacha askofu wake aliwe ili apate nafasi ya kumkimbiza malkia huyo huku na huko, mpaka farasi mweusi analazimika kurudi pale pale alipoanzia ili kumfungulia njia. Kisha hatua ya kumi na nane askofu mweupe wa pili anaingia D sita na kukaa, na ngome zote mbili nyuma yake zimeachwa wazi. Mweusi anaila ya kwanza. Mweupe hata hatazami. Anamsogeza askari mmoja nyumba moja, E tano, na askari huyo mdogo anamkatia malkia mweusi barabara ya kurudi kwao. Malkia anaila ngome ya pili kule kona ya mbali. Sasa ameshiba, na yuko mbali. Farasi mweupe anamtisha mfalme. Mfalme anasogea. Mweupe anamtoa malkia wake mwenyewe, farasi mweusi hana budi kumla, na askofu anaingia E saba, mchezo umekwisha. Mfalme mweusi anakufa akiwa na karibu watu wake wote. Amepoteza askari watatu tu.

Mara ya kwanza nilipoucheza mchezo ule ubaoni mwili ulinisisimka. Nilikuwa kijana, Uhuru ulikuwa unakuja, kila mahali tunaambiwa tujitoe, tufunge mikanda, na humu kijitabuni kuna mtu aliyetoa kila kitu akashinda. Nikaukariri kama Baba Yetu. Niliwasimulia wanafunzi wangu darasani: tazameni, mtu mkubwa ni yule anayejua kutoa.

Bura hakuupenda. Kila tulipouchambua alikaa upande wa mweusi, kwa ubishi tu, nilidhani. Miaka mingi aliutafuna ule mweusi wake, akatafuta apone wapi, na siku moja akaja kwangu amejaa vumbi la randa hata kwenye kope.

"Nimempata," akasema. "Hatua ya kumi na nane. Asingekula ngome ile ya karibu. Angekula kwanza ya kona, mfalme atishike asogee, halafu malkia arudi B mbili, asikae kule kushangaa. Huyu mweusi alikuwa hajafa, mwalimu."

Tukacheza. Tukacheza tena. Nilitafuta namna ya kumuua sikuipata.

"Basi mweupe alikosea," nikasema, nimeudhika.

"Alikosea. Mwenzake akakosea zaidi. Sasa anasifiwa kwa kosa lililofaulu."

Nilimwambia aende akachonge vitanda. Tulicheka, Veronika mkewe akatuletea chai, na sikulifikiria tena neno lile mpaka nilipokuwa nimechelewa.

Nyumba zetu, unakumbuka, zilikuwa juu kule mteremkoni, yetu upande huu wa kijito na yao upande ule. Mwaka wa Operesheni Vijiji ulipoanza Veronika alijifungua, na mtoto akafa siku ile ile. Wote wawili walikuwa Wakristo, walibatizwa kabla yangu, lakini majirani zetu walikuwa Wairaqw kama sisi na msiba wa namna hiyo huku kwetu una sheria yake. Wakaingia metimani. Wewe umeikuta inapungua, hujui ukali wake: nyumba iliyopatwa inakaa peke yake miezi na miezi, ng'ombe wao hawanywi pamoja na wa wengine, hakuna anayevuka mpaka wao wala wao kuvuka wa mtu, na mama mwenyewe hatoki ndani, labda kwa haja tu. Ni kuogopa kifo kisitembee kutoka nyumba hadi nyumba. Bura angeweza kukataa. Alisema atashika kwa ajili ya majirani, wasije wakalala na hofu kwa sababu yake.

Hivyo tukawa tunacheza kwa kupiga kelele. Kila jioni yeye anakaa kwenye jiwe upande wake na ubao wake, mimi upande wangu na wangu, kijito katikati. "Farasi F tatu!" "Askari D sita!" Wewe ulikuwa na miaka kumi, ulikuwa unakaa pembeni yangu unasogeza vipande vyake nisivyovifikia. Wazee waliokuwa wanapita walidhani tunatukanana. Bibi mmoja alinishtaki kwa padri kwamba nimemtaja askofu kwa dharau.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penyewe.

Bwana Operesheni, ndivyo tulivyomwita afisa wa kutuhamisha, alifika nyumbani kwetu siku ya Jumatano mchana na gari. Alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mpole wa sauti, viatu vimeng'aa. Alinikuta uani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

Akakaa, akanieleza. Ifikapo Jumamosi mteremko wote uwe umeshuka kwenye kijiji kipya kule tambarare. Atakayebaki, nyumba itavunjwa. Nikamwonyesha mashamba. Mahindi yamekauka yanasubiri kuvunwa, maharage yameng'olewa hayajapigwa. Nikamwambia tukishuka Jumamosi watoto hawa watakula nini mwezi wa tatu? Tupe siku tisa.

"Mwalimu, nakuelewa," akasema. "Lakini huko juu wanataka kusikia kazi imeanza. Nikienda mikono mitupu watasema nimelala."

Nakwambia kweli, Paskalina, nilikuwa nautazama mteremko kama ubao. Niliuona wote. Nikaona nyumba sitini na watu wake, na ile siku mgambo watakapogusa yoyote yowe litapigwa, wanaume watatoka na mikuki na fimbo kutoka pande zote, na bunduki zitalia. Isipokuwa moja. Nyumba moja hata ikipiga yowe hakuna atakayevuka.

"Anza na nyumba moja kesho," nikamwambia. "Moja tu. Upeleke habari kwamba umeanza. Hizo nyingine nitazishusha mwenyewe baada ya siku tisa, bila kusukumwa."

"Ipi hiyo isiyo na vurugu?"

Akatoa karatasi. Sikuitaja kwa mdomo. Niliandika jina la Bura kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nikaweka namba moja mbele yake, kisha hizo nyingine nikaziandika chini yake. Akasoma, akanishukuru, akanipa mkono.

Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Natamani nikuambie nilitetemeka, lakini sikutetemeka. Nilikuwa nimefikiri kila kitu: kwamba Bura ni mtu wa akili, atatoka bila kupigana, kwamba shamba lake ni dogo, tutamgawia chakula chetu, kwamba mgambo wanaokuja ni vijana wa kwetu, wataiogopa ile nyumba, wataigusagusa tu waondoke. Nilimpangia hata gari la kubeba mbao zake.

Jioni ile Bura akakaa kwenye jiwe lake kama kawaida. Tulikuwa tunaurudia mchezo wetu wa London, yeye na mweusi wake. Sauti yake ilikuwa nzuri, amepumzika. Neno moja tu lingetosha. "Mtoe Veronika." Ningelisema kwa Kiiraqw, kwa Kiswahili, kwa ishara ya mkono. Lakini ningesema, naye angewaambia wengine kwa kelele, na yowe lingepigwa usiku, na siku zangu tisa zingepotea. Nikafungua mdomo nikasema, "Farasi D tano."

"Nimeona," akajibu. "Kesho nitakushangaza."

Kabla ya kulala nilimwambia mama yako asiende mtoni asubuhi. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nimesema tu. Mama yako akanitazama, unajua anavyotazama.

Walikuja jua likiwa limeshapanda, kumi na wawili na gari moja. Bura alikuwa shambani nyuma ya nyumba. Mimi nilisimama upande wangu wa kijito, na huku mteremkoni majirani wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakasimama kwenye mipaka yao. Vijana wale wa mgambo walipoona njia ya nyumba ile imeota nyasi wakatambua. Mmoja akawanong'oneza wenzake. Wakarudi nyuma.

Na hapo ndipo akili yangu yote ilipokufa. Mimi nilidhani woga wa metimani utamlinda Veronika. Sikuwaza kwamba kwa woga ule ule hakuna hata mmoja wao atakayekubali kuingia mlangoni kuangalia kama mna mtu. Kijana mmoja aliita "Hodi" mara moja, kwa mbali. Labda Veronika alijibu, labda alinyamaza kwa kuwa mwanamke wa metimani haitikii wageni. Wakachukua kamba za ng'ombe, wakafunga nguzo za pembeni bila kugusa ukuta, wakafunga ncha kwenye gari.

Unazikumbuka tembe zetu. Paa la udongo juu ya magogo, udongo wa miaka na miaka, hata mbuzi hupanda kulala juu. Si la nyasi kwamba litaungua na wewe ukimbie.

Bura alitokea kona ya nyumba anakimbia na jembe mkononi. "Mke wangu yumo! Yumo ndani!" Alipiga kelele kwa Kiiraqw, na vijana wale walielewa, nikawaona wanageuka. Dereva hakuelewa. Bwana Operesheni hakuelewa. Gari lilikuwa limeshanguruma.

Paa lilishuka kwa mkupuo mmoja. Vumbi likapanda, na chini ya vumbi nikasikia sauti ya mwanamke, fupi, kisha hakuna.

Bura alimpiga kijana wa kwanza na jembe usoni. Nilimwona akishika taya kwa mikono miwili, damu inamtoka katikati ya vidole, na meno. Akampiga wa pili begani. Ndipo wakamrukia wote. Virungu, vitako vya bunduki, mateke. Walimpiga kwa woga, na hakuna anayepiga vibaya kama mwenye woga. Mmoja aliinua kitako akakishusha kwenye goti lake, nami nikausikia mfupa kutoka ng'ambo ya maji. Alikuwa bado anatambaa kuelekea kwenye lile rundo la udongo, wanampiga mgongoni, anatambaa, anachimba kwa kucha.

Majirani hawakuvuka. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Wanaume arobaini wenye mikuki walisimama kwenye mipaka yao wanalia kama watoto, na hakuna aliyevuka.

Bura aliinua uso umejaa damu na udongo, akaniona. Hakumwita Mungu. Aliniita mimi. "Mwalimu! Vuka! Njoo uchimbe!"

Nilikuwa nimeingia majini hadi vifundoni. Metimani mimi siiogopi, nimeifundisha darasani kuwa ni ujinga. Sikuvuka kwa sababu Bwana Operesheni alikuwa ananitazama, na nilifikiri, Mungu anisamehe, nilifikiri nikivuka makubaliano yanavunjika, na mahindi ya watu yatapotea, na Bura atakuwa ameumia bure. Nilisimama. Maji yalikuwa baridi.

Aliyevuka ni mama yako. Alinipita pembeni mbio, bega lake likanigonga, ana jembe. Aliingia katikati ya wale vijana wenye bunduki kama hawapo. Akachimba. Nafikiri walipomwona mwanamke anachimba wakaacha kupiga. Yeye na Bura, yeye amesimama na Bura kwa tumbo, wakaondoa gogo moja, la pili, wakamtoa Veronika. Kifua kilikuwa kimebonyea. Mama yako alimtoa udongo mdomoni kwa kidole. Aliishi mpaka mchana, akiwa na akili zake, anaomba maji na hawezi kuyameza. Alikufa mikononi mwa mama yako kabla dereva hajakubali kumbeba.

Bwana Operesheni alinijia kijitoni, uso umekuwa wa majivu. "Kwa nini hukuniambia kuna mtu ndani?"

"Nilidhani watamtoa," nikasema.

Hilo ndilo jibu langu, sijapata lingine miaka hii yote.

Bura walimpeleka hospitali Haydom na gari lile lile. Goti halikupona. Alibaki huko huko, sasa anatengeneza vitanda vya wagonjwa, na anaamini mpaka leo kwamba mgambo waliianza nyumba yake kwa kuwa ilikuwa ya kwanza njiani. Ananiandikia. Hajawahi kuniuliza kwa nini sikuvuka. Katika barua yake ya kwanza alisema, "Najua ulikuwa na familia."

Na sisi, tulivuna. Siku tisa tulipewa kamili. Mteremko wetu ulishuka na magunia yake yote, na mwaka ule wengine walipokuwa wanachemsha mizizi, watoto wa kwetu walikunywa uji. Unajua wanavyoniita. Mwalimu aliyetutoa salama. Walinipa ndama. Nikafanywa mwalimu mkuu. Kila harusi mzee fulani anasimama kunishukuru, nawe unanitazama kwa fahari, na mimi nainamisha kichwa, watu wanasema mwalimu ana unyenyekevu. Ni kweli tulikula. Sitakudanganya kwamba hatukula. Nimejaribu kuyalaani yale mahindi nimeshindwa, kwa sababu na wewe uliyala.

Unaukumbuka mwaka ule wa kwanza kijiji kipya, ulivyolalamika hakuna mtoto anayekuja kucheza, na tunachota maji peke yetu? Nilikuambia ni kwa sababu watu hawajazoeana. Haikuwa hivyo. Mama yako alishika mwili wa Veronika, na watu wakamweka pembeni na nyumba yake. Alikaa ndani miezi yote ile bila kunung'unika, anasuka mikeka. Mimi nikahamia kulala shuleni, nikisema wanafunzi wa darasa la saba wananihitaji. Sina haja ya kukuelezea maana yake, wewe una akili.

Aliniambia neno moja tu kuhusu siku ile, baada ya muda mrefu, akiwa anachambua mchele: "Ulijua. Uliniambia nisiende mtoni." Nikakubali. Akaendelea kuchambua mchele. Tangu hapo tunaishi, unatuona, tunacheka pia, lakini chakula changu huwa anakiweka mezani, hanipi mkononi. Labda hukuwahi kuona.

Kuna moja zaidi, na hili linakuhusu mwilini mwako. Lile kovu la mdomo. Watu hudhani ulianguka, nawe umewaacha wadhani hivyo, na mimi nimekuona ukiwaacha. Ulikuwa umepanga vipande kwenye ubao, mchezo ule ule, hukukosea hata kimoja, ukafika hatua ya kumi na nane. Ukasema, "Baba, twende tukamtafute baba Bura atushangaze, alisema kesho." Nilikupiga kwa ngumi. Si kofi, ngumi, mtoto wa miaka kumi na moja. Ulianguka juu ya vipande, damu ikamwagika kwenye askari weupe, hukulia, ulinitazama tu. Halafu ukaviokota kimoja kimoja ukaviosha. Hukuniuliza kwa nini, wala hukugusa tena ubao ule. Nilikupiga kwa sababu ulikuwa umemkumbuka kwa upendo. Ulikuwa mtoto mwema, na mimi nilikuwa nimeshaharibika. Naomba radhi. Nimechelewa, lakini naomba.

Nimeucheza mchezo wa London mara nyingi peke yangu tangu wakati ule. Sasa nakaa upande wa ngome. Ni ujinga, ngome ni kipande cha mti, haijui kitu. Lakini nakaa pale kwenye kona yake natazama mgongo wa yule anayecheza, na ninamwona anavyojipenda. Mwanangu, mimi si mtu wa kukupa hekima. Huko wodini utakutana na watu wazuri, wenye madaraka na vyeti, watakaokuambia kwamba huyu mmoja aachwe ili wale wengi wapone. Huenda wakati mwingine ni kweli, mimi sijui. Uliza tu jina lake, na uende ukamtazame kabla hujakubali.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa huu: nikupe barua hii, uifikishe wewe. Umsomee Bura nikiwa mbali, hasira yake ya kwanza ikupate wewe ambaye huna kosa, labda akikuona ungali mtoto moyo utamlegea. Niliuona ni mpango mzuri. Asubuhi hii nilimweleza mama yako. Aliacha alichokuwa anafanya.

"Sasa unamtoa na huyu?" akasema.

Nilitoka jikoni, nikaja huku chumbani na kalamu.

Basi kesho sikusindikizi stendi tu. Ninapanda basi pamoja nawe. Barua hii utaisoma njiani, mimi nitakuwa kiti cha pembeni, katikati ya wagonjwa na magunia yao. Ukimaliza si lazima useme kitu. Ukitaka kuhamia kiti kingine, hama.

Tukifika, wewe baki nje na sanduku lako. Nimeshakuombea nafasi bwenini kwa mlezi wa wanafunzi, jina lako liko, usidhani utalala njiani. Bura akikuita uingie, ingia, hata kama ataniambia mimi niondoke. Basi la kurudi nalijua. Ukisikia ananipiga, usije kunitetea. Ana haki, na ana fimbo yake ya kutembelea, na mimi mikono yangu nitaiweka chini. Nitaingia peke yangu, na nitamwambia nikiwa nimesimama, mlangoni pale pale, kabla salamu hazijaisha. Maana nikikaa dada yake ataniletea chai, na mimi najijua: nikishainywa ile chai, nitanyamaza tena.

Baba yako